Malalamiko Kuhusu Ukurasa Wenu wa Kukata Tiketi

Kondele, Kisumu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: TIKETI MOJA KULIPIWA MARA MBILI

Nina saiba ndogo (duka la huduma za intaneti) hapa Kondele, na karibu kila siku nakatia watu tiketi za mabasi yenu ya Nairobi.

Ijumaa iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Ahero. Binti yake alikuwa amelazwa Nairobi akisubiri kujifungua, naye alitaka basi la usiku huohuo. Nilijaza jina, kitambulisho, kituo cha kupandia na kiti. Nambari ya simu alinisomea kwenye kikaratasi: tarakimu nne, kisha tatu, kisha tatu, nami nikaiandika hivyo, na nafasi katikati. Nilipobonyeza "Endelea", fomu ilirudi tupu, na juu kabisa maneno mekundu: "Taarifa si sahihi." Taarifa ipi? Nilijaza upya mara tatu ndipo nikagundua kwamba tatizo ni zile nafasi. Jamani, kuondoa nafasi ni kazi ya kompyuta, mstari mmoja tu wa programu. Hata anayeanza na +254 badala ya sifuri ametoa nambari ileile. Na mtu akikosea kweli, mwambieni palepale penye kosa, mengine aliyojaza myaache.

Kwenye malipo ndiko tulikoumia. Nilibonyeza "Lipa", kitufe kikabaki vilevile, wala neno "subiri" halikuonekana. Intaneti yetu huwa nzito jioni. Baada ya sekunde kama ishirini nikabonyeza tena. Simu ya mama ikaomba nambari ya siri, akaiweka. Ikaomba tena, akaiweka tena, akidhani ya kwanza imekataa. Shilingi 1,400 mara mbili kwa kiti kimoja! Alinitazama bila kusema neno. Nilimrudishia pesa kutoka mfukoni mwangu, maana hizo ndizo alizokuwa amemwekea mgonjwa.

Kitufe hicho kikibonyezwa mara moja kifungwe, kiandike "Tunasubiri malipo yako", na mtambo wenu ukatae malipo ya pili ya kiti kilekile.

Kuna pia vile visanduku vya viti. Kwenye simu, kidole kikilenga 14 kinashika 15. W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, kwenye mwongozo wake wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023 linataka sehemu ya kubonyeza iwe angalau pikseli 24 kwa 24, au iachiwe nafasi ya kutosha kando yake. Mwongozo huohuo unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu chenu juu ya weupe hakisomeki kabisa kwenye jua la stendi.

Naomba mnirudishie shilingi 1,400. Nimeambatisha jumbe zote mbili za malipo; muda wake umepishana kwa chini ya dakika moja.

Naomba pia wanaotengeneza ukurasa huo waje wakae saibani kwangu jioni moja ya Ijumaa, wawatazame abiria wakikata tiketi wenyewe, bila kuwaelekeza. Kiti nitawapa.

Wenu mwaminifu,
Mwenye saiba, Kondele