Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za 2024 na Suala la Programu ya Pointi

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama wote wa umoja wetu wa wafanyabiashara wadogo wa Moshi: Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Asalaam aleikum.

Nawashukuru mliofika. Sentensi hii nimeiandika usiku wa jana kabla ya kujua mtakuwa wangapi, kwa hiyo ichukuliwe kama tumaini.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka kwa sababu mnazijua. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umefanyika, ingawa mafagio yanashikwa na watu walewale. Ada ya mwaka kwa Msajili wa Jumuiya imelipwa. Walinzi wa usiku wamelipwa hadi Desemba. Tumewafariji wenzetu tisa waliofiwa, tumekwenda Arusha kujifunza kwa wenzetu wa soko la Kilombero, na tumefanya kikao na Manispaa kuhusu leseni na maegesho ya bodaboda. Kuhusu maegesho tumeahidiwa kikao kingine.

Fedha ziko hivi. Wanachama tuko 214 na ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, hivyo mwaka mzima tulitarajia shilingi 12,840,000. Zilizoingia ni 7,410,000, zilizobaki mifukoni mwenu ni 5,430,000. Waliolipa ada yote bila kudaiwa ni 83. Mfuko wa kununulia kiwanja ulianza mwaka na shilingi 9,200,000 na umemaliza na 3,200,000. Programu ya pointi, ile ya simu ya kuwapa wateja wetu punguzo, imetugharimu 7,650,000 hadi sasa: 6,500,000 za kuitengeneza, na 1,150,000 za seva na meseji. Katika hizo, milioni 6 zilitoka mfuko wa kiwanja na 1,650,000 zilitoka kwenye ada. Mkaguzi wa ndani amepitia vitabu, na nakala iko kwa Mweka Hazina kwa yeyote atakayetaka kuiona. Hadi naandika haya hakuna aliyekuja kuiomba, pamoja na maneno yote ninayoyasikia vijiweni.

Sasa hizo milioni 6, maana najua ndizo zilizowaleta wengi wenu leo.

Ndugu wanachama, jambo hili lilianza na malalamiko yenu wenyewe. Kila kikao mlikuwa mnasema wateja wanapungua. Mteja wa vitenge siku hizi anaagiza Kariakoo kwa WhatsApp, na mzigo wake unashushwa stendi asubuhi kabla mwenye duka hapa hajafungua kufuli. Mwenye familia anafanya manunuzi ya mwezi mara moja kwenye duka kubwa. Mkauliza kamati inafanya nini. Kamati ikajibu kwa vitendo, na sasa kamati inaulizwa kwa nini imefanya.

Kumshika mteja hatukufundishwa na mtu. Mama wa Mbuyuni akishapima nyanya huongeza mbili juu, na mnunuzi akirudi wiki ijayo anajua pa kwenda. Programu yetu ni nyongeza hiyohiyo, isipokuwa hii inakumbukwa hata siku ambayo mama hayupo na dukani kaachwa mtoto. Mteja akinunua kwa shilingi 1,000 anapata pointi moja, na kila pointi ina thamani ya shilingi 20 kama punguzo. Akifikisha pointi 50 ana punguzo la shilingi 1,000, na anaweza kulitumia kwenye duka lolote la mwanachama aliyejiunga. Wengi mnakumbuka kadi za pointi za duka kubwa la Nakumatt ilipokuwa na tawi hapa mjini. Maduka ya Tesco ya Uingereza nao walianza kadi yao ya pointi, Clubcard, mwaka 1995. Lakini wale ni mwenye mali mmoja mwenye matawi mengi, pointi inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Sisi ni mifuko 214. Hapo ndipo ugumu ulipo, na nitaurudia.

Imesemwa tumetengeneza kitu cha wenye simu janja tu. Si kweli, na nimelieleza hili mara nyingi kwa wachache waliokuwepo. Simu janja anahitaji mwenye duka. Mteja anataja namba yake tu, hata kama ana kitochi, na meseji inamfikia ikimwambia ana pointi ngapi. Kuna waliotaka tutumie namba za nyota na reli kama za kuangalia salio. Namba hizo zinatolewa kwa utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha unaingia makubaliano na kila mtandao peke yake, na kila mmoja una gharama zake. Umoja unaoshindwa kukusanya 5,000 kwa mwezi utailipa mitandao yote?

Kuna pia walioniuliza kwa nini mteja asipewe fedha taslimu kwa pointi zake. Ukishaanza kutunza thamani ya watu na kuwarudishia fedha, umeingia eneo la Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na huko kuna leseni ya Benki Kuu. Pointi zetu ni punguzo la bei na zitabaki kuwa punguzo. Na namba za wateja si mali ya mwanachama mmoja mmoja. Mwenzetu mmoja aliomba orodha nzima ili awatumie watu kadi za mchango wa harusi. Nilikataa, akanuna, na leo hayupo. Namba ya simu ni taarifa binafsi kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na maombi yetu ya usajili kwa Tume husika yamewasilishwa.

Nije kwenye uamuzi wenyewe. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama ili Mkutano Mkuu ufanye uamuzi wa fedha, yaani watu 107. Mwezi Machi tuliitisha mkutano, wakaja 41. Tukaahirisha wiki mbili, wakaja 36, na kati yao sita waliondoka kabla ya soda. Barua zilisambazwa, ujumbe ulipita kwenye kundi la WhatsApp, na mimi mwenyewe nilipita duka kwa duka kuanzia Double Road hadi Kiusa nikikumbusha. Kila niliyemkuta aliniambia, “Nipo, Mwenyekiti.” Mkutano wa kugawa meza za sikukuu mwaka juzi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama dirishani.

Katiba hiyohiyo inaipa Kamati Tendaji mamlaka ya kuamua jambo la dharura pale akidi isipotimia. Wapo wanaobisha kwamba programu ya simu si dharura, kwamba dharura ni moto na mafuriko. Mimi nauliza: mfanyabiashara anayepoteza wateja mwezi hadi mwezi anasubiri nini ndipo iwe dharura? Sisi Moshi tunajua biashara ya mwaka mzima inakaa Desemba, ndugu zetu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko na barabara kuanzia Himo hadi Boma Ng'ombe zinafurika magari. Ili Desemba itukute tumezoea, ilibidi tuanze Agosti. Ili tuanze Agosti, vijana walihitaji malipo ya kwanza Aprili. Kamati ilipiga kura, saba wakakubali, wawili wakakataa. Muhtasari upo, na majina ya wawili hao hayasomwi hapa.

Kuhusu fedha za kiwanja: kiwanja kile tunakizungumzia tangu uongozi uliopita. Bei zimepanda kila mwaka na mfuko wetu haukuwahi kuzikaribia. Fedha zilikuwa zimelala. Kamati iliziazima, na neno lililoandikwa kwenye muhtasari ni hilo, kuazima.

Na limesemwa hata lile la kwamba mmoja wa vijana watatu walioitengeneza ni mpwa wangu. Ni mpwa wangu kweli, mtoto wa dada yangu, na sikulificha. Nililitamka kwenye kamati na nikatoka nje wakati wa kura ya mkataba. Kampuni ya Dar es Salaam ilituletea bei ya shilingi milioni 18 bila gharama za meseji. Vijana wetu walitaka 6,500,000, na katikati ya Mei, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, wao ndio walioona kwamba programu ile itamwacha mwenye duka mikono mitupu mtandao ukikata. Wakaibadilisha ihifadhi miamala kwenye simu na kuituma mtandao unaporudi. Hawakutudai hata senti ya ziada. Mwenye mpwa wa bei nafuu zaidi angemleta.

Hadi Desemba maduka yaliyojiunga ni 61, yanayotoa pointi kila siku ni 38, na namba za wateja zimezidi 4,300. Pointi zilizotolewa ni 310,000, zilizotumika ni 118,000, na kati ya hizo 96,000 zilitumika kwenye duka tofauti na lililozitoa. Hizo 96,000 ni shilingi 1,920,000 ambazo duka lililotoa linapaswa kulilipa duka lililopokea kila mwisho wa mwezi. Zimelipwa 1,305,000. Zinadaiwa 615,000.

Hapa ndipo ule ugumu wa mifuko mingi. Mama wa saluni kule Majengo alinijia mwisho wa Novemba na daftari la kurasa za mistari, kwa sababu hakuiamini simu. Ameandika kila mteja aliyesukwa kwa pointi, tarehe, mtindo, na duka pointi zilikotoka. Mmoja alisuka kwa shilingi 25,000 na hakutoa hata mia. Alilipa kwa pointi 1,250 alizozikusanya buchani na kwenye duka la mchele. Tulilinganisha daftari lake na programu mstari kwa mstari na havikutofautiana. Alikuwa anawadai wenzetu 184,000. Mkononi alikuwa na rasta zilizokwisha na msichana wa kazi anayesubiri mshahara.

Mwenye bucha naye ana hoja. Kilo ya nyama ya shilingi 10,000 inatoa pointi 10, yaani shilingi 200, wakati faida yake kwenye kilo hiyo haizidi 800 kwa hesabu yake. Robo ya faida inakwenda kusuka nywele za watu. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na tangu Oktoba, kwa pendekezo langu, bucha na maduka ya mchele, unga na sukari yanatoa pointi moja kwa kila shilingi 2,000. Lakini hoja ya haki haifuti deni la Agosti na Septemba. Wanaodaiwa wanajijua, na wanne wamo humu ukumbini.

Kulikuwa na udanganyifu mmoja, nao niueleze kabla haujaongezewa chumvi. Kijana wa duka moja la vifaa vya ujenzi aligundua kwamba mnunuzi wa saruji haulizi pointi. Kila mfuko ulipotoka akaingiza namba yake mwenyewe. Siku moja akawaleta marafiki wanne kwenye mgahawa wa mwenzetu, wakaagiza mtori na nyama choma, na alipotaja namba yake mama akaona salio linalotosha kulisha msiba. Akamwambia kwa upole, “Mwanangu, unajenga nyumba ngapi?” Sasa namba ikipokea pointi zaidi ya mara mbili kwa siku kutoka duka moja inafungwa hadi mwenye duka athibitishe. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi.

Waliobaki nje, wengi wao, sababu yao ninaijua ingawa hawaisemi kwenye mkutano. Wanaogopa TRA, watu wa kodi, wataona mauzo. Umoja haupeleki taarifa za mauzo ya mwanachama kokote. Lakini nawauliza wale ambao lipa namba imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: hizo fedha mnadhani hazionekani? Pointi haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na punguzo linaandikwa kwenye risiti. Anayetoa risiti hana cha kuogopa kwenye pointi.

Mji huu una historia ya watu kuungana kwa shida. KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro, iliandikishwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa ambao hawakuwa na simu wala ukumbi wenye feni. Walihudhuria mikutano kwa miguu kutoka Machame na Kibosho. Sisi tunashindwa kutoka Bondeni.

Kwa mwaka 2025, Mungu akipenda, tunakusudia kuongeza maduka, kuzungumza na wenzetu wa Arusha kama watapenda kujiunga, kuangalia uwezekano wa kupata mfadhili wa gharama za meseji, na kurudisha fedha za mfuko wa kiwanja kadiri hali itakavyoruhusu. Kamati pia inafikiria kutoza duka lililojiunga ada ndogo ya mwezi. Kiasi hakijapangwa.

Madeni ya pointi yalipwe kwa Mweka Hazina kabla ya mwisho wa mwezi huu. Duka litakalopitisha tarehe hiyo litasimamishwa kutoa pointi, na wateja wake watajulishwa kwa meseji. Ada za 2024 zinapokelewa leo mlangoni. Mweka Hazina ana kitabu cha stakabadhi na namba ya kulipia. Hoja kuhusu uamuzi wa Aprili zipokelewe kwa maandishi, zikiwa na jina la mwandishi.

Naomba kuwasilisha.