Barua kwa somo yangu aliyepewa wakufunzi awalee

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku baridini. Sisi sote hatujambo, na mama goti limepoa, sasa anakwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe.

Hongera sana kwa kuteuliwa mratibu wa mafunzo ya wakufunzi hapo chuoni kwenu. Simu ilikatika pale pale uliponiuliza umwite mwezeshaji gani na semina iwe ya siku ngapi, ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa utulivu. Jibu langu ni hili: semina iache kwanza. Anza kwa kuwafanya wakufunzi watembeleane madarasani.

Sisemi semina hazina kazi. Tulipopewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, siku mbili za mafunzo zilitusaidia mno, la sivyo vingelala kabatini. Lakini namna mtu anavyofundisha haibadiliki kwa kukaa ukumbini akisikiliza. Imeingia mwilini tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi.

Unakumbuka nilivyohamishiwa chuoni? Nilikuwa nimefundisha kemia sekondari miaka 9. Ijumaa nikaripoti, Jumatatu nikakabidhiwa muhtasari na ratiba, nikaingia darasani. Hakuna aliyeniuliza kama najua kumfundisha mtu mzima ambaye kesho naye atasimama mbele ya watoto. Na hapo ndipo penye uzito wa kazi yetu, somo: mwanachuo haandiki tu tunachosema, anashika na namna tunavyokisema. Mwaka ule nilifundisha mada ya mbinu shirikishi kwa kuwasomea notisi dakika 80. Wakanakili kimya. Walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nikaenda kuwakagua, nikamkuta mmoja wao anawasomea notisi watoto wa kidato cha pili, ameegemea meza ubavu vilevile ninavyoegemea mimi. Nilikaa dawati la nyuma nikajiona mwenyewe pale mbele. Sikulala vizuri siku ile.

Aliyeniokoa ni mkufunzi mwenzangu wa hisabati, mama mmoja aliyekwisha kustaafu. Nilimwomba aje akae kwenye kipindi changu. Alikuja na karatasi moja tu. Alichora madawati yote, akawa anapiga mstari kwa kila swali nililouliza, na kuweka nukta kwenye dawati la aliyejibu. Baadaye tukakaa chini ya mwembe, na hakuanza kwa kunikosoa. Aliniuliza, "Wewe mwenyewe umeonaje?" Nikasema kipindi kimekwenda vizuri. Akanipa karatasi. Maswali 24, na 19 kati ya hayo niliyajibu mwenyewe kabla mtu hajafungua kinywa. Safu nzima ya upande wa dirishani haikuwa na nukta hata moja.

Tulikubaliana jambo dogo: nikiuliza, nihesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliliona hilo miaka ya 1970: walimu wengi husubiri sekunde 1 hivi, na wakizifikisha 3 au zaidi, majibu hurefuka na waliozoea kunyamaza huanza kusema. Lakini mimi nililijua kwanza kwa masikio yangu. Wiki iliyofuata niliuliza kwa nini vipande vidogo huungua haraka kuliko pande moja kubwa, nikahesabu. Kimya kile kilikuwa kirefu, somo, nilitamani kukikata. Nilipofika nne, binti mmoja wa dirishani akaomba aseme kwa Kiswahili. Nikamruhusu. Akaeleza kwamba mama yake anakaanga maandazi, na akichelewa kuamka hupasua kuni nyembamba nyembamba ili moto ushike upesi, kwa sababu moto unapata pa kulamba pengi. Hiyo ndiyo mada yenyewe! Tukaitafsiri pamoja kwenda kwenye Kiingereza cha kitabu, kisha nikamuuliza angewafundishaje watoto wa kidato cha pili. Darasa zima likaanza kubishana.

Sasa nikuonye. Mwaka uliofuata tulikuwa wakufunzi 6 tunaotembeleana, na ofisi ikapata habari. Zile karatasi zikaombwa, zikatumika kumpimia utendaji mwenzetu mmoja kijana. Ndani ya mwezi kila mtu akawa na udhuru. Kwa hiyo wewe uliseme mapema, na mkuu wa chuo akubali mbele ya wote: karatasi hubaki kwa aliyefundisha, haipigwi picha, haiingii kwenye faili. Asipokubali, usianze.

Posho wataulizia, nawe usiwaone wabaya, maisha yenyewe unayajua. Waambie ukweli kwamba haipo, ila omba ratiba ipishe saa moja ya pamoja kila wiki, na chai na mihogo viwepo. Saa hiyo ndiyo itakayokupa shida kuliko hela. Anza na wanaotaka, hata wakiwa watatu. Na wa kwanza kutembelewa darasani uwe wewe mwenyewe.

Wakishazoeana, nendeni hatua ya Wajapani: watatu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanawatazama wanachuo, si mkufunzi, kisha mnalirekebisha. Wakenya tangu 1998 walishirikiana na Japani kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati walioko kazini, kwa ule mradi wa SMASSE. Na hapa kwetu shuleni kuna MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wanakutana kwenye jumuiya za kujifunza palepale shuleni. Linaloniuma ni kwamba tunawafundisha wanachuo habari za jumuiya hizo na sisi wenyewe hatuna yetu. Mtaala mpya umeanza kutekelezwa tangu 2024, unadai mwanafunzi atende. Sijui mwalimu ataupata wapi ufundishaji huo kama chuoni hakuuona.

Jumatano ijayo mwite mmoja tu unayemwamini, mwambie ahesabu kitu kimoja, kisha niandikie alichohesabu na ulijisikiaje. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako.