Barua kwa Mwanangu, Kuhusu Krediti

Mwanangu mpendwa Salim,

Ujumbe wako kwamba umeacha masomo ya biashara na kuchukua ya huduma za kompyuta tumeupata, na baba yako aliusoma mara mbili kabla ya kunirudishia simu. Fani yenyewe hatuna ugomvi nayo. Ninalotaka kujua ni jambo moja: umejiandikisha A.S., yaani shahada ya awali ya sayansi, au A.A.S., ile ya sayansi ya vitendo? Zote ni shahada za miaka miwili na zote huwa na krediti, yaani vipimo vya masomo, zipatazo 60, lakini A.A.S. imetungwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini moja kwa moja, na vyuo vikuu vingi vya huko Marekani havipokei krediti zake zote, hivyo anayetaka kuendelea hujikuta akiyarudia masomo aliyokwisha kuyalipia.

Najua utanijibu kwamba unajiandaa kwa cheti cha CompTIA A+, kile cha mafundi wa kompyuta wanaoanza, na kwamba waajiri wanakiheshimu. Ni kweli, na kufaulu mitihani yake yote miwili si jambo dogo. Ila cheti hicho hudumu miaka 3 tu, na wewe uko huko kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, tofauti na rafiki yako ambaye ni raia wa huko na anaweza kuridhika nacho. Ukimaliza shahada ya miaka miwili utaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi katika fani yako kwa miezi isiyozidi 12, na ile nyongeza ya miezi 24 wanayopewa watu wa sayansi na teknolojia huanzia shahada ya kwanza. Ndiyo maana nakuuliza tena: umekwisha kumwona mshauri wa masomo, au umechagua kwa kufuata wenzako kama ulivyozoea?

Kwamba dawati la msaada la chuo limekupa kazi, nimewatangazia jamaa wote, hata wasiouliza. Kwa masharti ya viza yako, usivuke saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na usiache somo lolote ukashuka chini ya krediti 12 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Jambo jingine ni ulimi wako. Shangazi yako alipokupigia kuhusu simu yake ulimjibu kwa pumzi za kuchoka, naye alizisikia. Mtu anayepiga dawatini kusema kompyuta haiwaki huwa amekwisha kuaibika. Mwache amalize, kisha muulize kuhusu waya, na andika alichosema na ulichofanya ili atakayepokea zamu asianze upya. Wanaopanda kutoka dawati hadi mitandao, na baadaye usalama wa mifumo, nadhani huanza na adabu hiyo. Lakini kupanda huko mara nyingi hudai shahada ya kwanza, kwa hiyo narudi palepale pa krediti.

Kompyuta ya nyumbani imeanza tena kulia inapowashwa, na skrini inabaki nyeusi. Rehema anasema ataifungua asugue meno ya kadi ya kumbukumbu kwa ufutio kama ulivyofanya wewe. Nimemkataza mpaka umwelekeze, kwa kuwa mara ya mwisho alisahau kuchomoa waya wa umeme. Mpigie Jumamosi, na kabla ya siku hiyo nitumie orodha ya masomo yako kwa majina kamili, pamoja na jibu la mshauri kwa maandishi.

Mama yako