Barua kwa Kapteni wa Panyimur: injini usiifungue kwanza

Masese, Jinja

Kapteni wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetuzidi. Mama watoto anakusalimu na anasema hajasahau ile ahadi yako ya muziri wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa lenu.

Ujumbe wako nimeusoma vizuri. Ukipakia watu kumi na magunia, pua ya boti inabaki juu, nyuma inazama, injini inanguruma lakini boti haipandi juu ya maji. Na fundi wako ameshatoa hukumu kwamba ni pistoni, anataka pesa ya kufungua. Usimpe bado. Umeniambia inawaka kwa mvuto mmoja au miwili na kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani, ya silinda zote mbili inalingana. Injini ya namna hiyo haina deni na mtu. Mimi naishuku propela.

Kwenye picha uliyonitumia, kitovu cha propela kina namba mbili. Ya kwanza, inchi 11 na kitu, ni upana. Ya pili, 13, ndiyo pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Inchi 13 ni sentimita 33. Sasa piga hesabu: injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia za mguu wa injini, kule chini majini, zikigawa kwa mbili, propela inazunguka mara 2,500, na boti ingetakiwa kwenda karibu kilomita 50 kwa saa. Hata ukitoa asilimia 20 kwa ajili ya maji kuteleza, bado ni 40. Boti yako ya faiba ya zamani, imejaa hadi ukingoni, itaipata wapi 40? Ni lori linalopandishwa mlima wa Kabale kwa gia ya nne.

Injini za namna yako, zile za kuchanganya oili na petroli, zinatakiwa zifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Hakikisha kwenye kitabu cha yako. Wewe ulipima 4,300 ukiwa na mzigo na 4,700 ukiwa na watu watatu. Hiyo 4,300 ndiyo inayonitia wasiwasi. Injini inayobanwa chini ya kiwango chake huku mafuta yamefunguliwa yote inapata joto, inajaza kaboni, na mwisho pistoni zinaharibika kweli. Hapo fundi wako atasema, "Si nilikwambia?"

Kisha kuna jambo la urefu kutoka usawa wa bahari, ambalo wauzaji hawalisemi. Hiyo boti ilitoka Mombasa. Kule hewa ni nzito, na huenda hiyo 13 ilikuwa inaifaa kabisa. Injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo sisi Jinja tumeshakatwa asilimia kama 11: injini ya farasi 40 inabaki na 35 na kitu. Nyinyi wa Ziwa Albert mko chini, mita 620 hivi, mnakatwa kama 6, ingawa joto la huko nalo linakula chake. Ndiyo maana usininakili mimi. Propela ninayotumia hapa, kwako inaweza kuwa ndogo mno.

Kila inchi moja ya pichi unayopunguza, mizunguko inapanda kati ya 150 na 200. Ukishuka kutoka 13 hadi 11, ukiwa na mzigo utapata 4,600 au 4,700, na ukiwa mwepesi 5,000 au zaidi kidogo. Uko salama pande zote mbili. Najua utaniuliza kwa nini usiende moja kwa moja hadi 9 ili ivute kama trekta. Kwa sababu siku utakayorudi mtupu, injini itapiga kelele kupita kiwango na wewe utakuwa unatambaa. Usishangae pia ukikuta ile ya 11 ni pana kidogo kuliko ya 13, ndivyo zinavyotengenezwa.

Ila kabla hujanunua, nifanyie haya. Chukua rangi na uchore mstari mmoja ulionyooka, kuanzia kwenye chuma cha katikati, kupita juu ya ile bushi ya mpira, hadi kwenye kitovu cha nje. Iache ikauke. Toka na mzigo, fungua mafuta yote, kisha urudi uangalie. Mstari ukiwa umekatika na vipande viwili havikutani, mpira umechoka, unateleza ndani, na pichi yoyote utakayonunua haitakuambia ukweli mpaka bushi ibadilishwe. Tazama pia kama kabureta zinafunguka mpaka mwisho ukizungusha mkono wa mafuta wote. Kebo za injini kuukuu zinalegea na kuiba nafasi.

Halafu pima hiyo propela yenyewe, maana picha inaonyesha bawa moja liliwahi kuchomelewa. Kuna mafundi wazuri, hata Katwe kule Kampala wapo, lakini bawa likishagongwa nyundo, namba kwenye kitovu inabaki historia. Ilaze mezani, upande unaosukuma maji ukiangalia juu. Chora mezani mistari miwili kutoka katikati, yenye pembe ya nyuzi 36 kati yake. Kwa umbali ule ule kutoka katikati, kama robo tatu ya urefu wa bawa, pima kimo cha bawa juu ya mstari wa kwanza na juu ya mstari wa pili, kwa milimita. Toa, kisha zidisha kwa 10. Ukipata 330, ni inchi 13 kweli. Rudia kwa mabawa yote matatu. Yakitofautiana sana, hiyo ndiyo mitetemeko uliyoniambia.

Na boti yenyewe, mzee, ipime uzito kwa akili. Boti ya faiba ya miaka mingi inanyonya maji kwenye lile povu la chini ya sakafu, unabeba abiria ambaye halipi nauli. Toboa tundu dogo sehemu ya nyuma, kwenye sakafu, uone kama povu limelowa. Likiwa limelowa, litoe kwanza, weka jingine, ndipo upime mizunguko upya. Huenda 12 ikatosha.

Tukishapata pichi, usije ukaniongezea watu. Tuliona Novemba 2018, kule Mukono, boti iliyozidishiwa abiria ilivyozama. Propela ndogo inasaidia injini, haipanui boti.

Chukua ya aluminiamu. Ile ya chuma kisichoshika kutu ni nzuri na inavutia macho, lakini ukigonga jiwe nayo, gia ndizo zinazolipa. Ya zamani usiitupe, inyooshe uibebe ndani ya boti kama spea, pamoja na pini na nati.

Nihesabie meno ya shafti inayoshika propela unitumie, pamoja na vile vipimo vitatu vya mabawa. Kuna jamaa hapa ana 11 imelala stoo. Meno yakiingia, naipakia kwenye basi la Pakwach, uijaribu kwanza kabla ya kutoa shilingi. Na kipima mizunguko chako kikikuonyesha 9,000, usikimbie: kuna injini ambazo cheche inapiga mara mbili kwa kila mzunguko, gawanya kwa mbili.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie yule fundi asinune, kazi ya kubadilisha bushi nampa yeye.

Wako,
Fundi wa Masese