Jumamosi: minyororo ya Tiger

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi, gereji ileile. Magurudumu ya kifaru chetu cha mfano, Tiger ya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia, yote yameshaingia, sasa ni zamu ya minyororo. Kila mtu aje na tupa yake ndogo, maana matundu ya pini yana makombo ya chuma. Wiki jana niligonga pini mbili kwa haraka zangu, zikapinda. Glavu pia, kingo zinakata.

Aliyeuliza ukubwa: Tiger halisi pamoja na mzinga wake ina urefu wa mita 8.45, yetu ni 1/6 ya hiyo, basi piga hesabu, karibu mita 1.4. Kigari kidogo hakitaibeba!

Atakayepita makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, atupigie picha ya Tiger 131, ile iliyotekwa Tunisia 1943, hasa pale magurudumu yanapopandana. Chai ipo.