Al-Aqmar: someni kabla ya Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jumamosi tunakwenda kuuona msikiti wa al-Aqmar, Cairo. Tukutane Bab al-Futuh, lango la kale la mji, saa tisa alasiri, tushuke kwa miguu Mtaa wa al-Muizz. Saa hizo ni makusudi: uso wa al-Aqmar umeelekea magharibi, na michongo huonekana vizuri jua likiupiga kwa ubavu. Asubuhi uko kivulini.

Msikiti ulijengwa mwaka 519 Hijria (1125), enzi za Khalifa al-Amir wa Fatimiya, nasaba ya Kishia iliyotawala Misri, chini ya waziri wake al-Ma'mun al-Bata'ihi. Msiingie haraka. Simameni kwanza ng'ambo ya mtaa mtazame duara lililo juu ya mlango: katikati yameandikwa majina Muhammad na Ali, yakizungukwa na aya ya 33 ya Suratul Ahzab, inayowataja Watu wa Nyumba ya Mtume. Huo ndio Ushia wa Fatimiya, umewekwa wazi barabarani.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni ukuta wa mbele. Uso unafuata mtaa, ilhali ndani kila kitu kinafuata kibla. Tofauti hiyo imemezwa na ukuta wenyewe, mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, hata vikapatikana vyumba na ngazi ndani yake. Wengi hupita bila kugundua; ukifika uani, geuka nyuma utazame mlango.

Mnara ni wa baadaye, uliongezwa na Yalbugha al-Salimi, amiri wa enzi za Wamamluki. Upande wa kulia wa uso nao ni mpya: ulikuwa umezibwa na jengo, ukajengwa upya Mabohora, Mashia wenye asili ya India, walipoukarabati msikiti karne iliyopita. Linganisheni mawe.

Kina mama mje na mitandio. Viatu tuvue mlangoni.