Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa vitalu vya miche: viriba vyetu mwaka huu

Ndugu wanachama habari zenu, poleni na majukumu. Taarifa yangu mwaka huu karibu yote ni ya viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, maana ndo vimekula muda na hela zetu.

Mnakumbuka katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilituruka sisi, vifungashio vya kilimo viliachwa. Sawa, lakini mteja akishapanda mche kiriba kinabaki shambani, mvua inakisomba mpaka mtoni, mbuzi anakila, na wengine wanapanda nacho kabisa, mizizi inajizungusha humo ndani mti unadumaa alafu lawama zinarudi kwetu. Linaniuma sana jamani, tunauza miti huku tunatapakaza plastiki.

Ndo maana kamati tukanunua vile viriba vya mahindi, na hapo tulikosea kwa kutouliza kwanza. Ile plastiki inaitwa PLA, wanga wa mahindi unageuzwa sukari, sukari inachachushwa inakuwa asidi ya laktiki, ndo inatengenezewa plastiki, kwaiyo kutoka kwenye mmea ni kweli ila kuoza inataka mboji yenye joto la karibu nyuzi 60, udongo wa shamba haufiki huko hata kiangazi. Tulivifukia, tukavifukua baada ya masika, vizima kabisa! Na hata ukioneshwa cheti cha EN 13432, kile kipimo cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, jua ni cha mtambo wa mboji, sio cha shamba. Vilivyoandikwa oxo msiguse, ni plastiki ileile inayomeguka vipande vidogo vidogo, Umoja wa Ulaya walipiga marufuku tangu Julai 2021.

Kilichotufaa ni majani makavu ya mgomba, unakunja kiriba unafunga na kamba ya mgomba huohuo, mche unapandwa nacho na mizizi inapita yenyewe. Inafaa nyanya, pilipili na papai zinazotoka kitaluni mapema. Miembe na maparachichi ya kubebesha, yaani ya kuungwa kikonyo cha mti mwingine, hapana, yanakaa miezi mingi na kwa umwagiliaji wetu jani linaoza kabla hata hujabebesha, hayo tuendelee na viriba vya plastiki ila mteja akivirudisha tumpunguzie bei safari ijayo.

Mahesabu atasoma mweka hazina. Wanaodaiwa ada wanajijua, naomba walipe.

Wenye migomba nyumbani msichome majani makavu, leteni kitaluni Jumamosi asubuhi, akina mama wa bondeni watatufundisha kukunja vile visivyofumuka.